SOMO LA JUMA: Wingu, ghala na ziwa la data – mfanyabiashara ajue analipia nini

Mfanyabiashara wa Mwanza anayetafuta programu ya mauzo, stoo au mishahara siku hizi mara nyingi haletewi diski wala seva. Anaambiwa alipie kila mwezi, na mahesabu yake yatatunzwa "kwenye wingu". Somo la juma hili linaeleza maana ya maneno hayo, mambo mapya yaliyoongezwa katika huduma hizo, na mahali ambapo mtu wa mtaji mdogo anaweza kufaidika au kupoteza fedha.

WINGU NI NINI?

Kwa lugha rahisi, wingu ni kompyuta za mtu mwingine unazozikodi kupitia intaneti. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi data na nguvu ya kompyuta mwaka 2006. Microsoft na Google zikafuata. Kwa upande wa Afrika, Microsoft ilifungua vituo Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020 na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Hivyo daftari la duka lililoko Barabara ya Nyerere linaweza kuwa Cape Town au Ulaya bila mwenye duka kufahamu.

Kihasibu kuna tofauti kubwa. Seva uliyonunua ni mali ya kudumu, na gharama yake inagawanywa kwa miaka kadhaa kama uchakavu. Wingu ni gharama ya uendeshaji, inayokatwa katika faida ya mwezi uleule. Hulazimiki kutoa mtaji mkubwa mwanzoni, lakini malipo hayana mwisho.

MAMBO MAPYA MATATU

Kwanza, gharama ya kuhifadhi imetenganishwa na gharama ya kazi. Zamani aliyenunua kompyuta kubwa kwa ajili ya msimu wa pamba aliiona imekaa bure msimu ukiisha. Sasa unalipia nafasi ya data mwaka mzima kwa bei ndogo, na nguvu ya kukokotoa unailipia siku unapoitumia tu. Ni sawa na kukodi ghala kwa mwaka na kuita vibarua siku ya kupakia. Kampuni ya Snowflake, iliyoanzishwa mwaka 2012 na kuingia soko la hisa la New York mwaka 2020, ilijijenga juu ya utaratibu huu.

Pili, kuna "ghala la data" na "ziwa la data". Katika ghala kila kitu kimepangwa kwa safu: tarehe, bidhaa, kiasi, bei. Ziwa, jina lililotolewa mwaka 2010 na James Dixon, hupokea kila kitu kama kilivyo: picha za stakabadhi, ujumbe wa simu, vipimo vya joto vya gari la samaki. Tofauti yake ni kama ile ya magunia ya dagaa yaliyopimwa na kuandikwa jina la mwenye mali, na dagaa waliomwagwa chini kwa mafungu pale Mwaloni. Mafungu ni rahisi kuyaweka, lakini ukitaka kujua ya nani na ya lini, utasumbuka. Huduma mpya hujaribu kuunganisha vyote viwili: data huingia kama zilivyo, kisha hupewa lebo na orodha.

Tatu, sasa mwenye biashara anaweza kuuliza kwa lugha ya kawaida, "Tawi gani limepunguza mauzo ya saruji mwezi uliopita?" na akili bandia ikatafuta jibu. Hapa pana mtego. Kama tawi la Sengerema linaandika mifuko na stoo ya Usagara inaandika tani, jibu litakuja haraka na litakuwa la uongo. Kabla ya kununua huduma hii, sawazisha vipimo na majina ya bidhaa.

KUMBUKUMBU NI SOKO

Kwa Kanda ya Ziwa jambo hili si la kupendezesha ofisi. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999, kwa hofu ya sumu iliyotumiwa katika uvuvi, wasafirishaji walifungiwa soko kubwa. Mnunuzi wa nje hutaka uthibitisho wa samaki alikotoka na alivyotunzwa. Mwenye kumbukumbu zinazopatikana kwa dakika chache ana nafasi nzuri kuliko mwenye makabrasha.

DOLA NA WAYA

Huduma nyingi hutozwa kwa dola. Tuchukulie una wafanyakazi 10, kila mmoja akilipiwa dola 20 kwa mwezi, jumla dola 200. Dola ikiwa shilingi 2,300, utalipa 460,000. Ikipanda hadi 2,650, utalipa 530,000. Nyongeza ni shilingi 70,000 kwa mwezi, yaani 840,000 kwa mwaka, bila kuuza hata mfuko mmoja zaidi. Hayo ni kabla ya VAT, ambayo tangu mwaka 2022 inawahusu pia watoa huduma za kielektroniki walioko nje ya nchi.

Hatari ya pili ni mtandao. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Tena kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Duka ambalo bei na madeni ya wateja vipo kwenye wingu peke yake, siku hiyo halina daftari.

Tatu ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Hata wakubwa wamelitazama suala la mahali: mitambo ya M-Pesa ya Kenya ilikuwa Ujerumani hadi Safaricom ilipoihamishia nyumbani mwaka 2015.

KWA MWENYE HISA

Unaposoma hesabu za benki au kampuni ya simu iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, usifurahie haraka ununuzi wa mitambo ukipungua. Angalia kama gharama za uendeshaji zimepanda mahali pake, na kama malipo hayo ni ya fedha za kigeni.

MASWALI KABLA YA KUTIA SAHIHI

1. Bei ni ya shilingi au dola, na inaweza kupandishwa lini?
2. Programu inaendelea kuuza intaneti ikikatika?
3. Data zinatunzwa nchi gani?
4. Nikiacha huduma, nitapewa data zangu zote, kwa muundo gani, na kwa gharama gani?
5. Nani mwingine anaweza kuzisoma?

Majibu yawe kwenye mkataba, si mdomoni. Na kila Jumamosi jioni, kabla ya kufunga duka, nakili orodha ya madeni na stoo kwenye diski unayoishika mwenyewe.