Kuoza, Kuyeyuka au Kumomonyoka? Istilahi ya Haidrojeli za Tiba katika Kiswahili

Makala haya yanachunguza tatizo moja la uundaji wa istilahi: namna ya kuitaja sifa ya haidrojeli ambazo huingizwa mwilini, zikatoa dawa, kisha zikatoweka zenyewe.

Haidrojeli ni wavu wa polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli iliyofungamanishwa, ambao hufyonza maji mengi na kufura bila ya kuyeyuka. Mnamo 1960, Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia walichapisha utafiti kuhusu jeli za aina hii, na kutokana nazo zikapatikana lenzi laini za macho. Lenzi hizo hudumu. Zipo haidrojeli nyingine, hata hivyo, ambazo vifungo vyake hukatwa na maji au vimeng'enya vya mwili. Dawa huhifadhiwa katika matundu ya wavu na kutoka polepole kadiri wavu unavyolegea. Polima ya asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki, kwa mfano, hugeuka kuwa asidi hizo hizo, nao mwili huziondoa. Mgonjwa hahitaji kupasuliwa ili mabaki yatolewe.

Je, sifa hii iitweje? Kitenzi kinachojitokeza haraka ni "kuoza". Kinafaa kwa taka za jaani, lakini kuoza huandamana na uvundo na usaha. Mgonjwa akiambiwa kuwa kitu kitaoza ndani yake, hatalaumiwa akiikataa tiba. "Kuyeyuka" hakutishi, ila kunapotosha: sukari iyeyukapo chaini, molekuli zake hubaki nzima, ilhali minyororo ya polima hukatika. "Kumeng'enywa" kunakaribia ukweli, lakini humwelekeza msikilizaji tumboni.

Makala haya yanapendekeza "kumomonyoka". Kila aliyesoma shule ya msingi anaufahamu mmomonyoko wa udongo: kitu hulegea, vipande vikabanduka, maji yakavichukua kidogo kidogo. Haidrojeli nayo hupungua kwa mpango huo. Yamkini mhakiki atadai kuwa mmomonyoko ni hasara. Dai hilo lina uzito kwa mkulima. Kwa mgonjwa, kupungua huko ndiko kunakokusudiwa.

Funzo ni kwamba istilahi sahihi kimaabara haitoshi. Sharti ipimwe pia kwa sikio la mgonjwa anayetakiwa kutoa idhini yake.