Somo la Afya: Kitu Chenye Kinaingia Chini ya Ngozi

Wanafunzi wenzetu, safari hii somo letu linagusa jambo lenye linafanyikaka hapa Likasi karibu kila mwaka, zaidi sana wakati egzameni ya Serikali inakaribia, na wakati wa mashindano ya mupira. Ni kuchanjwa: mutu anakatwa kidogo na wembe ku kifua, ku mukono ao ku kiuno, kisha unga mweusi unasuguliwa ndani ya kidonda. Mumoja anasema ni dawa ya kufaulu, mwengine ni ya kupiga goli, mwengine ni ya kujikinga na maadui. Kama unga ule uko na nguvu ao hauna, hatutaandika juu ya ile. Mabishano yake hayaishake. Tunauliza tu ulizo moja la biolojia: ngozi ikifunguliwa na kitu kikawekwa chini yake, ni nini kingine kinaingia pamoja nacho?

Tusifikiri kama ni watu wa kwetu tu. Huko Ulaya na Marekani kuna vijana, tena wenye masomo ya juu, wenye wanajipasua kidole na kuweka sumaku ndogo ndani, kusudi wasikie nguvu ya umeme yenye inapita karibu. Wengine wanatia ku mukono, karibu na kidole gumba, kichupa kidogo cha kioo chenye mashini ndogo ya kufungulia mulango. Mara mingi inafanyika ku nyumba, ao ku duka la kutoboa masikio, bila munganga. Na kwa sababu hawana ruhusa ya kutumia dawa ya ganzi, wanatumia barafu. Profesa Kevin Warwick wa chuo kikuu cha Reading, Uingereza, yeye alifanya namna ingine. Tarehe 24 Mwezi wa 8, 1998, aliwekewa mashini kama ile ku mukono, lakini kazi ya kupasua alimwachia munganga, na ganzi, na kisha siku 9 ikatolewa. Ni mufundi mukubwa wa mashini, lakini wembe hakushika.

Katika Kiswahili chetu neno chanjo linabeba mambo mawili: ile ya wembe na unga, na ile ya lopitali yenye inakinga mutoto na surua. Si bure. Wazee wetu wengi wako na alama ya muviringo ku mukono: ni chanjo ya ndui. Hapo pia ngozi ilifunguliwa na dawa ikaingia. Sindano yenye meno mawili ilichovywa ndani ya dawa, kisha ikachomwa-chomwa ku ngozi mara 15. Kwa kazi ile ndui ilikwisha: katika inchi yetu mugonjwa wa mwisho alionekana katika 1971, na katika 1980 OMS ilitangaza kama imeisha duniani pote. Basi kufungua ngozi peke yake si ubaya. Lakini dawa ile ilijulikana ni nini, kipimo chake kilijulikana, na sindano ilipashwa kuchemshwa ao kupitishwa motoni mbele ya kugusa mutu mwengine.

Tuangalie sasa ule unga. Mizizi imechomwa, ikasagwa, ikakaa ndani ya karatasi ao ndani ya pembe. Moto uliua mikrobe, ni kweli. Lakini kisha moto unga uligusa jiwe la kusagia, na mikono, na udongo. Ndani ya udongo na mavi ya nyama munakaa mikrobe ya tetanosi, ugonjwa wenye watu wa pwani wanaita pepopunda. Mikrobe hii inajifunika na ganda gumu na inaweza kungoja miaka mingi. Tena haipendi hewa. Fasi yenye inaipendeza ni kidonda chembamba chenye kimefungwa juu na kiko na kitu kigeni ndani, na chanjo ya wembe iko vile kabisa. Unga unabaki chini, ngozi inafunga, mikrobe inaanza kutoa sumu, na sumu inapanda ku mishipa ya fahamu. Kidonda kinaweza kuwa kimeshapona wakati mutu anaanza kushindwa kufungua kinywa, mara mingi kati ya siku 3 na siku 21. Hapo jamaa wanasema amerogwa, sababu kidonda hakionekane tena.

Wengine wanatujibu: "Lakini wembe tuliuchemsha." Ni muzuri kuliko kuacha, lakini tufanye hesabu. Likasi iko karibu metre 1.300 juu ya bahari. Kila ukipanda metre 300 hivi, maji yanachemka digri moja chini. Kwetu sufuria inachemka ku digri 96 hivi, si 100 sawa ku Mombasa. Virusi na mikrobe mingi inakufa hapo. Ganda la tetanosi halikufe: linaweza kustahimili hata digri 100. Mashini ya lopitali yenye inaitwa otoklave inafungia mvuke mpaka digri 121, kwa dakika 15 ao zaidi. Ku sufuria ya mama huwezi kufika hapo, hata ungemaliza mufuko wote wa makala. Na kupitisha sindano ku mushumaa? Ikiwa nyekundu kabisa, mikrobe imekufa. Kisha mutu anapangusa moshi na kitambaa cha mufukoni, ao na mate, na anarudisha yote.

Juu ya damu, inchi yetu iko na mufano wenye dunia yote inausoma. Katika 1976, ku lopitali ya misheni ya Yambuku, upande wa Bumba, kila asubui walitoa sindano 5 tu kwa wagonjwa wote wenye walikuja kutafuta dawa. Kati ya mugonjwa na mugonjwa sindano ilisukutuliwa na maji ya moto kidogo. Kuchemsha kulingoja mwisho wa kazi, na si kila siku. Ndipo ukaingia ugonjwa wenye haukujulikana, wenye kisha uliitwa Ebola. Watu 318 waliugua, 280 wakakufa. Kati ya watumishi 17 wa lopitali, 11 wakakufa. Munganga Jean-Jacques Muyembe, mwenye alitumwa kutoka Kinshasa, aliona kama damu ya wagonjwa haikukoma fasi alipochoma sindano. Wenye walikuja kupima hesabu waliona watu 85 wenye walichomwa sindano ku lopitali ile. Na kati ya wenye waliupata kwa njia ya sindano tu, hakuna hata mumoja mwenye alipona. Kati ya wenye waliupata kwa kumugusa mugonjwa ao kumutunza, kuna wenye walipona. Virusi ilikuwa ile ile. Mulango ndio ulikuwa tofauti.

Hatuandike hivi kusudi watu waogope sindano ya lopitali. Siku hizi inapashwa kufunguliwa mupya mbele ya macho ya mugonjwa, na kutupwa mara moja. (Kama haikufunguliwa mbele yako, uliza. Kuuliza si kukosa adabu.) Wembe wa kuchanja unapita kifua kwa kifua, zaidi wakati timu nzima inachanjwa usiku mumoja. Virusi ya hepatite B inaweza kukaa siku 7 ndani ya damu yenye imekauka na bado kuwa na nguvu ya kuambukiza. Huioni ku wembe. Unaona chuma safi tu. Virusi ya SIDA inakufa mbio zaidi, lakini mutu wa pili mwenye anapiga foleni hangojake siku 7, anangoja dakika moja. Wembe mupya kwa kila mutu unapunguza hatari hii ya damu. Unga haubadilike.

Tuje ku vyuma, sababu muji wetu ni muji wa vyuma, na wanafunzi wa teknike wanaona kama hapa hakuna wa kuwafundisha. Shaba ilianza kusafishwa ku Shituru katika 1929. Nani kati yetu hana kipande cha waya ku nyumba? Basi mutu anatoboa sikio, pua ao mudomo, na anaingiza waya ile kusudi tundu lisizibe. Shaba ni nzuri kwa umeme. Ndani ya mwili, maji yetu ni ya chumvi, na chumvi inaila polepole. Waya inakuwa kijani, na shaba yenye inayeyuka inaumiza nyama yenye iko karibu. Nikeli inaletea watu wengi upele, na mwili ukishaanza kuikataa, hausahau: hata saa yenye chuma cha nikeli ku mukono itakuwashawasha. Tena waya ya atelie iko na mafuta, vernisi, mara ingine risasi ya kuungia. Zile sumaku za vidole zenye tulitaja ni za neodimi, chuma chenye kinashika kutu mbio. Wanazifunika na ngozi nyembamba, na siku ngozi ile inapasuka, kidole kinavimba na inabidi kupasuliwa tena.

Mufano wenye unatugusa zaidi ni wa kobalti, sababu zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo. Tangu miaka ya 1930 wanganga wanatumia kobalti yenye imechanganywa na kromi na molibdeni ndani ya mwili wa mutu, kwa meno na kwa mifupa yenye imeharibika. Ni chuma kizuri. Lakini katika 2010 kampuni DePuy iliita irudishwe nyonga ya chuma yenye iliitwa ASR, karibu 93.000 zilikuwa zimeshawekwa ndani ya watu. Chuma kilisuguana na chuma, kobalti na kromi zikatoka kidogo kidogo, zikaharibu nyama ya pembeni na kuingia ndani ya damu. Na wale walikuwa mainjinia. Titani iko na habari nzuri kuliko hiyo. Munganga wa Uswidi Per-Ingvar Brånemark aliona katika 1952, ku mufupa wa sungura, kama titani inashikamana na mufupa kabisa. Mutu wa kwanza kuwekewa meno juu ya titani aliwekewa katika 1965. Tuhesabu: miaka 13 kutoka sungura mpaka mutu. Kwetu mutu anaokota waya asubui na mangaribi iko ku sikio.

Kuna ulizo lingine lenye linasahauliwa: kile kitu kitatoka namna gani? Wanawake wengi wanawekewa ku mukono kijiti cha kupanga uzazi, urefu wake sentimetre 4 hivi, na mutu mwenye alifundishwa kazi ile. (Tunakitaja juu ya biolojia, mutu asituandikie barua.) Kinawekwa chini kidogo tu ya ngozi, upande wa ndani wa mukono, kusudi kidole kikisikie na kiweze kutolewa kisha miaka 3 ao zaidi. Kikiingia ndani sana, pale kuna mishipa ya damu na ya fahamu, na kukitoa inakuwa operasio ya kweli. Mwenye anajaribu kukitoa na wembe ku nyumba anakata mishipa ile ile. Na unga wa chanjo, hakuna mwenye anaweza kuutoa. Tena ku ngozi yetu nyeusi kovu mara ingine haikome: inavimba, inapita mupaka wa kidonda, inakuwa keloidi. Ukiikata tu, mara mingi inarudia, hata kubwa kuliko mbele.

Tunajua kama wengine wanasoma ukurasa huu na chanjo ya juma lililopita. Kwao tunasema hivi. Osha kidonda na maji safi na sabuni, usitie majivu, petroli, mavi ya ngombe wala unga wa kapsule. Kisha uende ku kituo cha afya siku ile ile na useme kweli. Si lazima kumutaja mwenye alikuchanja. Muuguzi anahitaji kujua ni siku gani, unga ulitiwa ao hapana, na kama wembe ulipita kwa wengine. Chanjo ya tetanosi yenye tulipata tukiwa watoto wachanga inapunguka nguvu. OMS inaomba irudiliwe katika mwaka wa pili, kati ya miaka 4 na 7, tena kati ya miaka 9 na 15, na wengi wetu hatukurudi. Kama wembe ulikuwa wa watu wengi, kuna dawa ya kuzuia SIDA, lakini inapashwa kuanza mbele ya saa 72 kupita, na saa za kwanza ndizo nzuri zaidi. Hapo hapo uulize juu ya chanjo ya hepatite B. Lakini kinywa kikianza kukaza, ao shingo, ao mate yakiwa magumu kumeza, usingoje kupambazuke: uamushe mwenye kulinda internati usiku ule ule, akupeleke lopitali.