Dondoo muhimu: Kuiona Cape Town kwa helikopta

Helikopta za watalii Cape Town huruka kutoka V&A Waterfront, kando ya bandari. Asubuhi ndiyo saa bora: wakati wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki huchachamaa mchana, na wingu jeupe hutandazwa juu ya Table Mountain, mita 1,086, mithili ya kitambaa cha meza. Abiria hupimwa uzito, kwa kuwa viti hupangwa ili chombo kisielemee upande mmoja. Anayetaja kilo pungufu huhatarisha wenzake. Shati jeupe hujionyesha kwenye kioo na kuharibu picha, hivyo nguo nyeusi hufaa zaidi. Kofia na skafu huachwa chini. Panga zikizunguka, helikopta huendewa kwa mbele, mgongo umeinama, rubani akishatoa ishara. Mkiani haendi mtu kabisa.