SOMO LA IJUMAA: TUJIANDAE KABLA YA SIKU YA UCHUNGU



Ndugu zangu katika imani, akina baba na akina mama. Leo tunaongea juu ya jambo ambalo wanaume wengi hulifikiria siku ile ile linapofika, nalo ni kuzaa.

1. FUNDISHO LA BIBI MARYAM

Fungua Sura Maryam, aya ya 22 hadi 26. Bibi Maryam (A.S.), mwanamke mteule, alipopatwa na uchungu alikwenda kwenye shina la mtende, akatamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Hakukemewa. Kwanza aliambiwa asihuzunike. Kisha akaonyeshwa maji. Kisha akaambiwa atikise shina, tende mbivu zimwangukie, ale, anywe, moyo utulie.

Basi mke wako akilia na kusema anakufa, usimwambie hana imani. Mtulize moyo kwanza, umpe maji na chakula.

Tena, tende zingeweza kuanguka bila kuguswa. Lakini hata katika udhaifu ule aliambiwa aweke mkono wake. Hiyo ndiyo tawakkul: tunafanya sehemu yetu, matokeo tunamwachia Mwenyezi Mungu. Anayesema "Mungu atajua" bila kuandaa kitu, huyo hakutegemea, amezembea.

2. WEWE MUME

Mimba ikijulikana, mpeleke mkeo CPN mapema. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri mara 8, ya kwanza kabla ya wiki 12 kupita. Huko hupimwa damu na presha, hupewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kuzuia malaria.

Weka faranga kidogo kidogo kila juma. Uliza bei ya maternite mapema. Mwaka 2023 serikali ilianzisha mpango wa kuzaa bila malipo, ukianzia Kinshasa kisha mikoa mingine. Uliza kama kituo chenu kimo. Ni aibu mtoto apewe jina na mama yake bado anazuiliwa kwa deni.

Patana na motari atakayekuja hata usiku, hata mvua. Tafuta jamaa wawili walio tayari kutoa damu ikihitajika.

Na ukisafiri kwenda machimbo au biashara, acha nyumbani vitu viwili: pesa na ruhusa. Mwambie mkeo mbele ya mama yako: "Uchungu ukianza, nenda. Dokta akisema upasuliwe, kubali." Mke asife akingoja simu isiyopita.

3. WEWE MAMA

Kuogopa siyo dhambi. Mueleze mkunga hofu yako, mwombe akuonyeshe chumba cha kuzalia kabla ya siku kufika. Uchungu huja na kuondoka. Katikati yake pumzika. Mtoto wa kwanza huchukua saa nyingi, basi usivunjike moyo. Tembea, kunywa maji, pumua polepole, mtaje Mola wako.

Chagua mwanamke mmoja mpole akusindikize. OMS pia inashauri mama awe na mtu wake katika uchungu. Asiyejua ila kutisha abaki nyumbani.

Funga mzigo mwezi wa nane: vikwembe safi, nguo za mtoto, sabuni, na karatasi ya CPN. Usinywe dawa za miti za kuharakisha uchungu. Zinaweza kukaza tumbo la uzazi mpaka lipasuke.

4. USINGOJE ASUBUHI UKIONA HAYA

- Damu nyingi kutoka, kabla au baada ya kuzaa.
- Degedege, au kichwa kuuma sana na macho kuona giza.
- Homa kali.
- Maji kupasuka na uchungu haujaanza.
- Mtoto kuacha kucheza tumboni.
- Uchungu kupita saa 12 bila kuzaa.

Mkuu wa jamaa asiitishe kikao hapo. Itisha pikipiki.

5. BAADA YA KUZAA

Hatari ya damu ni kubwa katika saa za kwanza, na siku nzima ya kwanza mama asiachwe peke yake. Mtoto anyonye ndani ya saa moja. Maziwa yale ya manjano siyo uchafu, ni kinga yake. Mama akiendelea na huzuni kupita juma mbili, msiseme ni kiburi. Mpelekeni kwa mganga wa hospitali.

Akika siku ya saba ni sunna kwa mwenye uwezo. Usikope mbuzi wakati mama amekosa dawa.

Ndugu yangu, kama mkeo ana mimba, leo ukitoka msikitini muulize mambo matatu: pesa ziko wapi, motari ni nani, atakusindikiza nani? Mkikosa jibu moja, litafuteni kabla ya Ijumaa ijayo.

Ee Mola, wape akina mama wetu wepesi, uwarudishe nyumbani salama na watoto wao. Amin.

Wallahu a'lam.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini. Ukimaliza, mpelekee aliye nyumbani.)