Dondoo muhimu: Jumapili ya mchungaji mwenye wajukuu

Katika sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mkoani Kilimanjaro, ibada ikiisha kazi haijaisha. Nje ya kanisa kuna mnada wa sadaka: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Babu mchungaji yuko hapo, na wajukuu wanamvuta kanzu.

Wapewe kazi. Mmoja apeleke mayai kwa aliyeshinda, mwingine amshike jogoo (kwa mbawa, si kwa shingo). Ila wawe wamekunywa uji kabla ya kutoka nyumbani. Mahubiri hayashibishi tumbo la miaka mitano.

Wagonjwa watembelewe kabla ya chakula cha mchana, maana ukishakaa mezani na familia, kunyanyuka ni kazi. Mjukuu mmoja anatosha kufuatana na babu. Wakienda watatu, mgonjwa ndiye anayegeuka mlezi.

Simu ni adui mkubwa wa alasiri. Mzee wa kanisa wa zamu aipokee, na habari za msiba tu ndizo zimfikie mchungaji. Washarika wakielezwa mapema, hawanuni.

Bibi asiachwe jikoni. Paulo, katika barua ya pili kwa Timotheo, anamtaja Loisi, bibi wa kijana huyo, kabla ya Eunike mama yake. Basi sala ya jioni aongoze yeye, na mjukuu mdogo kuliko wote achague wimbo katika kitabu cha nyimbo, Mwimbieni Bwana, hata kama ni uleule wa Jumapili iliyopita.