SOMO LETU: RANGI YA KAPETI KWA NYUMBA YENYE KUTA NYEUSI

Akina mama fulani hapa Ikonge wametuuliza: pesa za mzunguko zikifika, tununue kapeti ya rangi gani? Kuta zao ni za udongo na moshi wa kuni umezifanya nyeusi.

Wengi wetu hupenda kahawia au nyekundu nzito, eti haishiki uchafu. Kushika inashika, ni vile tu huuoni. Ukuta mweusi humeza mwanga, na sakafu nyeusi humeza ule uliobaki. Mtoto anasoma kwa shida, nyanya anajikwaa kwenye kigoda. Tunashauri rangi ya mkonge wenyewe, au manjano hafifu yenye maua. Nyeupe kabisa hapana. Udongo wetu mwekundu utaimaliza. Dukani kuna mwangaza mwingi, kwa hivyo ombeni kipande, mkakitandike nyumbani saa kumi na moja jioni.

Funza nao huzaliana kwenye vumbi kavu. Kunjeni kapeti, nyunyizeni maji sakafuni kabla ya kufagia. Kama pesa haitoshi, anzeni na ukuta: kwangueni masizi kwanza, halafu mpake chokaa.

Jadilianeni: Kwenu nani hufagia, na nani huchagua rangi?