Ukiambiwa "Malipo is abstract", usilifute neno hilo

Jumamosi moja jioni mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbagala Rangi Tatu alinipigia simu. "Mwanangu, risiti imetoka, mifuko 8 ya saruji imeshapakiwa kwenye guta, lakini kwenye simu hela sijaiona." Programu ya mauzo nilimwandikia mimi, kwa Java. Nikapanda daladala kutoka Tandika.

Kosa lilikuwa langu, na nililitenda wiki mbili nyuma. Nilikuwa na klasi dhahania, yenye methodi isiyo na mwili:

abstract class Malipo {
    abstract boolean thibitisha(int kiasi);
}

Kwenye ukurasa wa mauzo nilitaka kitu cha kuanzia kabla mteja hajachagua njia ya kulipa, nikaandika new Malipo(). Kompaila ikagoma: "Malipo is abstract; cannot be instantiated". Ilikuwa na haki. Dukani hakuna anayelipa "malipo" hivi hivi. Analipa taslimu au kwa simu. Kitu cha Malipo kitupu ukikiambia thibitisha, kithibitishe nini?

Nilikuwa na haraka. Nikafuta abstract kote kuwili, methodi nikaiwekea return true;. Kimya. Siku mbili baadaye nikaongeza klasi ya MalipoSimu inayorithi Malipo, na humo nikaandika thibitisha(long kiasi). Kwa Java hiyo ni methodi nyingine kabisa. Ukurasa wa mauzo ulituma int, ikajibu ile ya klasi mama, na jibu lake siku zote ni "imelipwa". Ningeliacha lile neno, kompaila ingenikamata palepale: "MalipoSimu is not abstract and does not override abstract method thibitisha(int) in Malipo".

Usiku ule nilirudisha abstract, nikabadili ile long ya MalipoSimu iwe int, kisha nikaandika hivi:

Malipo m;
if (njia.equals("simu")) m = new MalipoSimu();
else m = new MalipoTaslimu();

Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hujikwaa: kigeu kuwa cha aina ya Malipo ni ruhusa, kinachokatazwa ni new juu yake. Na juu ya kila methodi inayotimiza ya klasi mama, weka @Override. Ukikosea parameta au herufi moja ya jina, programu haijengeki.

Wa Python nanyi muwe macho. Kule kosa hutokea programu ikiwa inaendeshwa, pale unapounda kitu, na ni pale tu klasi mama inaporithi ABC ya moduli abc (au inapotumia ABCMeta). Ukiweka @abstractmethod ukasahau ABC, huonywi chochote.

Kabla sijaondoka nilimwomba mama ajaribu mauzo ya mfuko mmoja kwa simu, bila mtu kulipa. Akabonyeza, tukasubiri wote wawili tukiitazama mashine. Risiti haikutoka.